Maziwa ya Mzee Mugeta

Wifi yangu Happyness alipoleta mizani yake Butiama, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa kwenye biashara ya maziwa, na sikuona ni nani wa kunifundisha lita moja inajaza vikombe vingapi. Naanza hapo usije ukadhani nilikuwa mwanamke wa kukaa kibarazani kuhesabu mafanikio ya wenzake. Nilikuwa mchapakazi. Wivu nilikuwa nao, tena mwingi, lakini wivu haumzuii mtu kuamka saa kumi na nusu alfajiri.

Jina langu Matrida, mke wa Eliasi, mama yake Brian. Sokoni waliniita Mama Maziwa. Nilikusanya maziwa kwa wafugaji thelathini na kitu wa vijiji vinavyoizunguka Butiama, nikayapakia kwenye guta la Dennis, pikipiki ya matairi matatu, tukayapeleka Musoma mjini kwenye maduka mawili yenye majokofu na hoteli chache za chai pale Nyasho. Yakibaki, nagandisha mtindi. Yakiharibika, namwaga, nanung'unika siku nzima, kesho naanza upya. Daftari nilikuwa nalo. Kila Jumamosi mchana nilikaa nalo nikagundua kwamba Jumanne nilipeleka mengi wakati hoteli mbili zilikuwa zimefunga kwa msiba, na Alhamisi yalitakiwa mengi nami nikapeleka machache. Nikishajua hivyo nafunga daftari napika. Nilidhani biashara ya maziwa ndivyo Mungu alivyoipanga.

Katika wafugaji wote, aliyenipa jina ni mzee Mugeta. Huku kwetu ukiwa na maziwa ya Mugeta, wengine wanakuja wenyewe bila kuitwa. Akikuacha, anza kuuza nyanya. Na Mugeta alikuwa na mimi kwa sababu moja tu: nilijua kutotazama.

Huenda wewe ni mtu wa mjini, kwa hiyo nitakueleza. Mfugaji wa huku ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakujibu wapo wapo tu, hata kama zizi limejaa mpaka mlangoni. Maziwa vilevile. Kinachotajwa kwa sauti mbele ya watu kinaitiwa macho, na macho ya watu hukausha kiwele. Basi Mugeta akimimina, mimi nageuza uso kama natafuta kuku wangu. Akimaliza anasema, "Ni kidogo tu, mama Brian." Nami najibu, "Mungu ataongeza." Halafu nachora vijiti kwenye daftari, na jina siandiki. Nachora kofia, maana yule mzee kofia yake anaivua kanisani tu, na hata huko kwa shingo upande. Miaka kumi na tisa hatukuwahi kutamkiana idadi.

Happyness ni kitinda mimba wa kwao Eliasi. Alilelewa Mwanza kwa shangazi yao, akasoma mambo ya kompyuta, akarudi na miwani na mkoba wa mgongoni, akafungua duka la maziwa Buhare, hukohuko Musoma. Nilimpokea vizuri. Nilimpa hata mitungi yangu miwili ya kuanzia. Ubaya ulianza mezani kwangu mwenyewe, maana mume wangu hakuweza tena kumega ugali bila kumtaja.

"Happy amepata wateja watatu wapya wiki hii."

"Hongera yake."

"Unajua hajamwaga hata lita moja tangu mwezi wa tatu? Yule ana kichwa cha marehemu baba."

Mimi nilimwaga lita ishirini wiki hiyohiyo, na Eliasi alijua. Nilimwongezea mboga nikaenda jikoni kukwangua sufuria iliyokuwa safi.

Baadaye akaweka mizani. Aliweka moja Suguti, nyingine kijiji kimoja cha upande wa Bunda, na ya tatu akaileta Butiama, hatua mia mbili kutoka kwangu. Haikuwa mizani ya kuning'iniza. Mfugaji anaweka ndoo yake, inapimwa uzito na joto, na kabla hajaishika tena ndoo, simu yake mfukoni inalia: umeleta lita kadhaa, saa fulani. Simu ya Happyness kule Buhare inapata ujumbe uleule wakati uleule. Jioni mfugaji analipwa kwa simu. Hakuna anayeona cha mwenzake. Bila kujua, wifi yangu alikuwa ametengeneza mashine inayogeuza uso vizuri kuliko mimi.

Mugeta alikuja kuniaga kiungwana.

"Mama Brian, mimi sikugombana na wewe. Lakini maziwa yangu mara mbili mwezi huu umemwaga. Kule hayamwagwagi."

"Sawa mzee."

"Na ile simu inaninong'oneza mimi peke yangu. Nimeipenda."

Wakabaki wafugaji saba. Saba, mimi, Mama Maziwa.

Nilikwenda Buhare kuona kwa macho yangu. Nilijiambia nakwenda kumsalimia. Nilimkuta nyuma ya duka, simu mbili mezani, kompyuta ndogo imefunguliwa, na kikombe cha chai kimepoa pembeni. Akaniamkia kwa heshima zote, akanipa kiti chake yeye akakaa kwenye kreti la soda. Hata hiyo heshima iliniudhi.

"Wifi, ngoja nikuonyeshe," akasema. "Hapa ni Butiama, inaingia laivu. Umeona? Mtu amepima sasa hivi, lita tisa."

Namba ikabadilika mbele yangu. Nikajua ni nani, maana saa ile aliyekuwa na desturi ya kuchelewa alikuwa Robi mke wa Mhoja, na zamani alichelewa kwangu.

Alikuwa ameweka vipimajoto vidogo kwenye majokofu ya wateja wake, na wenye hoteli walimtumia ujumbe kila walipopungukiwa. Tukiwa tumekaa pale, hoteli moja ya Nyasho ikaomba lita kumi zaidi, ina kikao cha ghafla. Wakati huohuo mwalimu wa shule moja akaandika kwamba wanafunzi wameruhusiwa mapema, maziwa yao wasiletewe. Happyness hakupiga hata kelele. Alimtumia ujumbe dereva wake, aliyekuwa tayari njiani kwenda shuleni, na kwenye kile kioo nikaona kidoa kinachomwonyesha yule dereva kinasimama, kinageuka, kinaelekea Nyasho. Lita ambazo mimi ningezimwaga Jumatano na kuzijua Jumamosi, yeye aliziuza kabla chai haijapoa zaidi.

"Habari ya maziwa inaharibika haraka kuliko maziwa yenyewe, wifi," akasema huku anacheka. "Ukiipata jana, haina kazi."

Nilihisi kitu kimenikaba hapa, chini ya koo. Usinitafutie jina zuri la hicho kitu. Ulikuwa wivu, mkavu, hauna hata chumvi. Nilitamani kile kioo kizimike. Nilitamani miaka yangu kumi na tisa irudi na mtu aniambie haikuwa kazi ya kubahatisha.

Ndipo akaniuliza, tena kwa unyenyekevu, miwani ameivua anaifuta kwa pindo la gauni: "Wifi, mimi wale wazee siwajui kama wewe. Suguti wanaongeza, Butiama wamesimama palepale. Nifanye nini waongeze maziwa?"

Wengine wangesema ulimi uliteleza. Wangu haukuteleza. Nilifikiri kwanza, nikanywa maji, nikaweka kikombe chini.

"Wasifie," nikasema. "Mzee wa huku anapenda sifa kuliko nyama. Weka runinga pale kwenye mizani. Kila anayepima, jina lake litokee papo hapo na lita zake, wa kwanza awe juu. Utaona watakavyoshindana."

Macho yalimng'aa. "Wifi, wewe una akili sana!"

"Ni uzoefu tu," nikajibu.

Runinga ilifungwa Jumatatu, ukutani, chini ya kibanda cha mabati, inchi thelathini na mbili. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kununua chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo. Akapima Robi, jina likatokea, watu wakacheka cheko la aibu. Akapima Ngusa, jina likatokea, naye akatazama chini. Halafu akaja mzee Mugeta na mapipa yake mawili juu ya baiskeli. Mashine ikalia mlio wa shangwe, na maandishi makubwa mekundu yakasoma: WA KWANZA LEO, MUGETA, LITA 46.

Hakuna aliyepiga makofi. Mugeta alisoma, akasoma tena. Akavua koti lake taratibu, akasogea ukutani, akalitundika juu ya ile runinga mpaka ikafunikwa yote, halafu akasukuma baiskeli yake akaenda bila koti. Asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Kesho yake alileta lita nane. Ngusa alileta tatu. Robi hakuja. Siku ya tatu ndama wa Mugeta akafa, na kijiji kizima kikajua sababu kabla hata mzoga haujapoa. Mimi nilijua kwamba yule ndama aliharisha wiki nzima, maana mke wa Mugeta alikuja kwangu kuomba majani ya mpera. Watu waliposema ni ile runinga, niliguna tu. Kuguna siyo kusema uongo, nilijiambia hivyo.

Siku ya nne Happyness aliiondoa runinga, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Nyumba yangu ina mlango wa nyuma unaotazama mashamba ya mihogo, na mlango huo ndio ulioanza kugongwa. Wanawake walikuja na madumu yamefungwa kanga kama wamebeba watoto. Nikageuza uso. "Ni kidogo tu, mama Brian." "Mungu ataongeza." Kufikia Jumapili walikuwa wamerudi ishirini na sita, na wa mwisho alikuwa Mugeta mwenyewe, na koti jipya.

"Nimerudi nyumbani," akasema.

Sijui kama umewahi kumwona mtu unayemwonea wivu akianguka, tena kwa mkono wako, na asijue. Utamu wake ni mbaya lakini ni utamu. Eliasi alisema mezani, "Happy hali vizuri siku hizi," nami nikamjibu, "Maskini," nikala vipande viwili vya samaki na kichwa. Nililala usingizi wa mtoto. Nakwambia ukweli ili ujue unasoma maneno ya nani.

Na kuna methali unayo mdomoni sasa hivi, kuhusu mtu na kisima. Kaa nayo. Mwenyewe naijua.

Jumatano iliyofuata nilikuwa na lita mia na sitini. Tangu nianze sikuwahi kubeba maziwa mengi hivyo siku moja. Niliamka mapema, nikachuja, nikafunga, Dennis akaleta guta. Ni mtu mzima, ana watoto wanne, haongei bila sababu. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri simu yangu ilipolia kwenye mkoba. Nikatazama: Wifi Happy.

Nikaiacha ilie. Nilijua anachotaka. Anataka kulia. Au amegundua, anataka kunitukana. Kwa vyovyote, ni sauti ya mtu aliyeshindwa, na sikuwa na haraka ya kuikatisha. Ikakatika, ikaanza tena. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti.

Tulitoka Butiama tukateremka mpaka Kiabakari, pale njia inapokutana na lami: kulia Musoma, kushoto Bunda. Gari mbili zilizojaa kwaya, wamevaa sare, zilipita zikielekea Bunda, zinaimba. Simu ikalia tena.

Dennis akazima injini. "Mama Brian, hiyo simu tangu nyumbani inaita. Si upokee?"

"Ni wifi yangu."

"Si ndo upokee sasa."

"Dennis, wewe ni dereva au katibu? Twende Musoma."

"Nasemaga tu," akajibu, akawasha, akakata kulia.

Njiani jua lilitoka likawa kali mapema. Nilikaa juu ya gunia kati ya mapipa nikipanga hotuba. Nilikuwa nitafika kwenye lile duka kubwa la Baltazari, niseme, kuanzia leo ni lita themanini kila siku, na duka la pili sitini, na wale wa chai wagawane zilizobaki. Nilikuwa nitanunua mizani pia, kwa nini nisinunue, lakini mizani ya adabu, isiyo na mdomo. Nikifikiri hivyo simu ililia, na nilipomaliza kufikiri ililia tena.

Baltazari alikuwa amekaa nje ya duka lake, amevua shati, anajipepea na boksi.

"Mama Maziwa, umekuja kufanya nini?"

"Swali gani hilo? Nimeleta lita themanini."

"Hujaambiwa? Umeme umekatika tangu jana usiku, mtaa wote huu mpaka kule juu. Majokofu yangu leo ni makabati. Hayo ya jana yenyewe nimegawa kwa majirani."

Nilicheka, nikidhani anataka kushusha bei. Akafungua jokofu. Lilitoa harufu ya joto. Duka la pili lilikuwa limefungwa kabisa, kufuli nje. Tukazunguka hoteli za chai moja moja. Huyu akachukua lita tano, yule tatu, mwingine akasema alishapata za kutosha kutoka kwa watu wa Suguti. Tuliposimama mara ya mwisho Nyasho ilikuwa saa tano na nusu. Niliomba kijiko na moto. Nikachota kwenye pipa la kwanza nikachemsha pale juu ya jiko la mama wa chapati, na maziwa yakakatika kijikoni mbele ya macho yangu, maji huku, vipande huku. Nikachota la pili. La pili lilikuwa la Mugeta, nalijua kwa lile bonyeo la pembeni. Nalo likakatika.

Dennis akaanza kufunga mapipa. Laiti angenilaumu.

Nilimwambia anipeleke Buhare. Usiniulize kwa nini. Pengine niliona kama nimeshaharibikiwa, heri niharibikiwe kabisa mbele ya mtu. Pengine nilitaka kumkuta naye maziwa yake yameharibika, tulie pamoja. Hilo la pili ndilo la kweli.

Duka lake lilikuwa safi, kavu, halina hata tone. Alitoka nje ameshika simu, akatazama guta, akatazama uso wangu. Akafunua pipa, akachovya kidole, akaonja.

"Haya mawili ya mwisho tutayagandisha mtindi leo hii, yatafaa," akasema. "Haya mengine, wifi, pole."

"Na ya kwako?"

"Yangu machache yalikwenda Bunda mapema. Vipimajoto vya majokofu vilianza kupanda usiku, nikajua mjini leo hakuna wa kununua mengi. Nikatafuta. Kuna jubilei ya parokia, wageni mia tano, walikuwa wanataka maziwa ya chai lita mia mbili kabla ya saa nne. Mimi nilikuwa nimebakiwa na arobaini, ya Suguti hoteli za chai zilishaagiza. Nikawaambia zilizobaki zinatoka Butiama kwa wifi yangu."

Nilisikia, lakini ilichukua muda kuingia. Wale wanakwaya walikuwa wanakwenda kwenye maziwa yangu.

"Uliwaambia zinatoka kwangu?"

"Ndiyo."

"Baada ya..."

"Baada ya runinga?" akasema yeye. Hakupandisha sauti. "Wifi, nilijua siku ya tatu. Butiama maziwa yalianguka kesho yake tu baada ya runinga kuwashwa, na Suguti, ambako hakuna runinga, hayakuanguka hata lita. Nikaona siyo ng'ombe, ni kitu nimekifanya. Nikaenda kwa mzee Mugeta kumwomba radhi na kumrudishia koti. Akaniuliza, 'Kwani mke wa kaka yako hakukwambiaga?'"

Nikashika ukingo wa guta.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sikukuuliza." Akavaa miwani yake vizuri. "Ningesema nini kingine? Mzee angekukataa, halafu kaka angesikia. Unamjua kaka. Angekurudisha kwenu."

Ungetegemea nilie hapo, nimwangukie shingoni. Mtu mwema angefanya hivyo. Mimi nilisimama pale na harufu ya maziwa yaliyochacha nguoni, na kitu nilichohisi kilikuwa kilekile cha siku ile ya kioo na kidoa, chini ya koo, safari hii kikali zaidi. Zamani nilimwonea wivu kwa mashine, na mashine unaweza kununua. Sasa nilikuwa namwonea wivu kwa moyo wake, na huo sijui unauzwa wapi.

"Mzee Mugeta amepiga muda si mrefu," akaendelea, akitazama chini. "Sikumtafuta kwa ubaya. Asubuhi nilipokukosa nilimpigia nikamwomba akimbie kwako akuzuie. Alifika, akakuta guta limeshaondoka, jirani akamwambia simu ilikuwa inalia na wewe unaitazama. Amesema kesho maziwa yake yatakwenda kwa mtu anayepokea simu. Nimemwambia nitampa jibu baada ya kuongea na wewe."

Basi Mugeta alikuwa amekwenda, na safari hii hakuna mlango wa nyuma ambao angeupitia kurudi. Hasira zikanipanda, zile za mtu asiye na haki, ambazo ndizo kali kuliko zote.

"Mchukue," nikasema. "Wachukue wote. Lakini usijifanye malaika, Happyness. Ulijua umeme umekatika, ulijua Bunda kuna wateja, ulijua kila kitu kwenye hicho kioo chako tangu usiku. Kama kweli ulikuwa na roho nzuri, si ungeniambia mapema?"

Aligeuza simu akaisogeza karibu na uso wangu, nisome mwenyewe.

"Nilikupigia mara saba, wifi."

Majina yalipangana moja chini ya jingine, yote jina langu, kila moja na dakika yake. Nikasoma kutoka juu kwenda chini. Ya tatu kutoka mwisho ilikuwa ya Kiabakari. Ya mwanzo kabisa alipiga saa kumi na moja na dakika hamsini, nikiwa bado nyumbani, kabla guta halijatoka uani.